Doa la Ndizi na Doa la Mchuzi



Mwezi uliopita alifika ofisini kwetu mama mmoja, msomaji wa siku nyingi wa kurasa hizi za familia, akiwa amebeba kapu lililofunikwa kwa khanga. Ndani yake mlikuwa na vitambaa 24 vya meza, vyote vya marekani, vimeshonwa kwa mkono na kupigwa pindo kwa uangalifu mkubwa. Yeye na kina mama wenzake watano wa mtaani walikuwa wamevitia rangi kwa binzari ya manjano, kwa agizo la mwenye nyumba moja ya wageni aliyetaka, kama alivyowaambia, vitu vya asili visivyo na kemikali. Walipokea malipo ya awali, na sehemu kubwa ya malipo hayo ikaenda kwenye ada na sare za shule. Haukupita mwezi, vitambaa vyote vikarudishwa.

Alivitandaza juu ya meza yetu kimoja kimoja. Vile vilivyokaa karibu na dirisha vilikuwa vimepauka vikawa kama karatasi kuukuu, na vile vilivyofuliwa kwa sabuni ya mche vilikuwa na mabaka mekundu mithili ya kutu. Mwenye nyumba ya wageni alikuwa akidai fedha zake. "Ndugu zangu," alituuliza, "mimi nimedanganywa na binzari, au nimejidanganya mwenyewe?"

Siku ile hatukuwa na jibu. Tulimwomba atuachie vitambaa vichache na atupe muda.

Alikuwa amefuata maelekezo ya video aliyoiona kwenye simu: chemsha binzari, tia chumvi na siki, chovya kitambaa kwa saa moja, kisha anika. Maelekezo ya namna hiyo yamezagaa, na yanavutia kwa kuwa ni mepesi. Kasoro yake ni kwamba chumvi na siki haziishikishi binzari kwenye pamba hata kidogo. Kitambaa hutoka kwenye sufuria kikiwa na rangi ya kung'aa, mtu akafurahi, nayo rangi ile imekaa juu ya uzi kama mgeni aliyekaa ukingoni mwa kiti, tayari kuondoka.

Sababu yake, tulikuja kuona, kila mama anaijua jikoni mwake ingawa hajawahi kuipa jina. Kanzu ikimwagikiwa mchuzi wa binzari, huhitaji dawa kubwa. Unaifua, doa linageuka jekundu kwa sabuni na kukutia hofu, unaisuuza, unaianika penye jua kali, na baada ya siku mbili tatu hulioni tena. Lakini mtoto akichezea mgomba na utomvu ukamdondokea shati lake, shati hilo limeharibika moja kwa moja. Utomvu unadondoka ukiwa hauna rangi, ukikauka unakuwa kahawia, na kahawia hiyo haitoki kwa sabuni wala kwa jua. Mabibo nayo ni hivyo hivyo.

Kitu kinachoipa binzari rangi yake huitwa kurkumini. Ni rangi kali, lakini haina subira mbele ya jua, kwani mwanga huivunjavunja, na kilichobaki hakina rangi tena. Isitoshe, hubadilika kuwa nyekundu kila ikutanapo na kitu chenye asili ya magadi, na sabuni ya mche ina asili hiyo. Ndiyo maana katika maabara za shule hutumika karatasi iliyochovywa kwenye binzari kupimia magadi na tindikali. Mama yetu, bila kukusudia, alikuwa amemuuzia mteja wake karatasi 24 za maabara.

Utomvu wa mgomba una kitu kingine kabisa. Tunda bichi la ndizi, ganda la komamanga, bibo lisiloiva, chai iliyokolea kupita kiasi: vyote hivi hukausha ulimi, na Kiswahili kina neno zuri kwa hali hiyo, nalo ni ukakasi. Wanasayansi huviita vitu vinavyosababisha ukakasi tanini. Ulimi unakauka kwa sababu tanini hushikana na protini zilizomo katika mate. Na kama inavyong'ang'ania protini za mate ndivyo inavyong'ang'ania ngozi mbichi ikawa ngozi ya kiatu, na ndivyo inavyong'ang'ania uzi wa pamba. Kwa mtu anayetaka kutia nguo rangi, ukakasi ndio mwanzo wa kazi, na mchuzi si mwanzo wa chochote.

Hapa inafaa tueleze tofauti ya nyuzi, maana ndipo wengi wanapokwama. Sufu na hariri zimetokana na wanyama, nazo ni protini, sawa na nywele na kucha zetu. Nyuzi hizo huzipokea rangi nyingi za mimea kwa urahisi. Pamba imetokana na mmea, haina protini, na huzikataa rangi nyingi zinazopokelewa na sufu. Mfano ulio karibu nasi ni hina. Majani ya mhina yana kitu kiitwacho lawsoni, ambacho hufungamana na protini ya ngozi, kucha na nywele. Hutolewa vyema katika uchachu, ndiyo sababu bibi zetu walikanda hina kwa maji ya ndimu na kuiacha ilale. Bibi harusi akipakwa leo, rangi huzidi kukoza hadi kesho na kesho kutwa, nayo haitoki mpaka ngozi yenyewe ijibadilishe. Chovya sufu katika hina hiyo hiyo, itatoka na rangi ya chungwa au ya kahawia iliyoshika vizuri. Chovya pamba isiyoandaliwa, utapata rangi hafifu ya kusikitisha.

Basi kwa pamba kunahitajika dawa ya kuishikisha rangi. Dawa iliyo salama zaidi na inayopatikana kwa urahisi ni shabu, yale mawe meupe yanayong'aa yanayouzwa kwa wauza dawa za asili na ambayo vinyozi huyapitisha kwenye kidevu baada ya kunyoa. Ndani ya shabu mna madini ya alumini. Alumini hushika tanini iliyokwisha kukaa kwenye uzi kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili hushika rangi. Ni daraja. Bila daraja hilo rangi inabaki ng'ambo, hata uichemshe kutwa nzima.

Wanaoifahamu kazi hii kuliko wengi barani mwetu ni Wabambara wa Mali, kwa nguo yao iitwayo bogolan. Kwanza kitambaa cha pamba huchovywa katika maji ya majani yenye tanini nyingi, kikatoka rangi ya manjano iliyofifia. Kikikauka, fundi huchora juu yake kwa tope lililochukuliwa kwenye kidimbwi na kuachwa lichachuke kwa miezi mingi. Tope hilo lina chuma. Chuma kikikutana na tanini iliyomo ndani ya uzi, panakuwa na weusi ambao haufutiki. Tope lenyewe huoshwa likaenda zake, weusi ukabaki. Anayeitazama nguo hiyo sokoni hudhani imepakwa tope tu. Kazi kubwa iko katika yale majani ya mwanzo, ambayo mnunuzi haoni dalili yake yoyote.

Rangi ya nili ina kanuni yake peke yake. Haihitaji shabu, lakini haiyeyuki katika maji, hivyo ni lazima ichachushwe pamoja na majivu ndipo iyeyuke. Kitambaa hutoka shimoni kikiwa na rangi ya kijani, kikageuka buluu mbele ya macho yako kwa kuguswa na hewa. Mjini Kano, kaskazini mwa Nigeria, yako mashimo ya nili ya Kofar Mata ambayo wenyeji husimulia kuwa yalianza mwaka 1498, na mafundi bado wanachovya nguo hapo. Bibi zetu wa pwani waliijua nili kupitia kaniki.

Elimu hii ilidhoofika haraka. Mwaka 1856 kijana wa Kiingereza mwenye umri wa miaka 18, William Henry Perkin, akitafuta kutengeneza kwinini ya kutibu malaria katika maabara yake mjini London, alipata kwa bahati rangi ya zambarau itokanayo na lami ya makaa ya mawe. Mwaka 1897 kampuni ya BASF ya Ujerumani ikaanza kuuza nili ya kiwandani. Rangi za viwandani zilikuwa rahisi, nyingi na zisizobadilika kutoka pipa moja hadi jingine. Hatuwezi kuwalaumu waliozipokea, nasi tunazivaa.

Lakini mimea haikuwa ikitoa rangi pekee, na hapa ndipo tulipoona kuwa habari hii inazidi kisa cha vitambaa vya meza. Msomaji anayejiandaa na Hija anafahamu kwamba aliyehirimia hukatazwa kuvaa nguo iliyoguswa na zafarani au wars, mmea wa Yemen utoao rangi ya manjano. Wanavyuoni wengi wameieleza sababu yake kuwa ni manukato. Yaani tangu zama hizo ilijulikana kwamba mmea ukiingia katika nguo hauachi rangi tu, bali huacha na kitu kingine kinachoendelea kufanya kazi.

Wavuvi walilijua hili kwa njia yao. Katika karne ya 19, wavuvi wa Uingereza walichemsha nyavu zao za pamba katika katu, ile ile inayotafunwa kwa tambuu na popoo. Walitia katu na matanga pia, ndiyo maana picha za zamani zinaonyesha majahazi yao yakiwa na matanga mekundu ya kahawia. Wekundu ule haukuwa pambo. Katu imejaa tanini, na wavu uliolowa tanini hauozi upesi kwa sababu vijidudu vinavyokula pamba haviipendi. Wavu usiotiwa katu ulikuwa ukiisha haraka, na mvuvi asiye na wavu hana chakula nyumbani.

Hivi leo watafiti katika nchi nyingi wanapima jambo hilo hilo kwa vipimo vya kisasa. Vitambaa vilivyotiwa ganda la komamanga, binzari au hina vimeonekana katika maabara kuzuia baadhi ya bakteria kuzaliana, na bakteria ndio wanaolifanya jasho linuke. Tunatahadharisha kwamba kipimo cha maabara si kwapa la mtu anayepanda daladala saa nane mchana, na kwamba nguvu hiyo hupungua kadiri nguo inavyofuliwa. Anayekuuzia shuka kwa madai kwamba inatibu, mwache nayo.

Jambo lililotugusa zaidi ni jua. Uwezo wa nguo kuzuia miale inayochoma ngozi hupimwa kwa namba. Nguo yenye namba 50 hupitisha sehemu moja tu ya miale hiyo kati ya 50. Fulana nyepesi nyeupe ya pamba, ambayo wengi wetu tunadhani ni kinga, mara nyingi huwa kati ya 5 na 10, na ikilowa hupungua zaidi. Rangi za mimea zenye tanini hunywa miale hiyo, hivyo kitambaa kile kile kikitiwa tanini, hasa pamoja na chuma, huzuia jua zaidi kuliko kilivyokuwa cheupe. Kwa ndugu zetu wenye ualbino hili si la urembo, kwa kuwa saratani ya ngozi ndiyo inayowaua wengi wao mapema. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha RDTC mjini Moshi hutengeneza losheni ya KiliSun kwa ajili yao. Hakuna kitambaa kinachochukua nafasi ya losheni hiyo na kofia pana. Lakini mama anayemshonea mtoto wake mwenye ualbino shati la mikono mirefu anafaa kujua kwamba kitambaa kizito chenye rangi iliyokoza kinamfaa kuliko cheupe chepesi.

Neno "asili" lisitulaghai. Hina haiwi nyeusi. Kinachouzwa kwa jina la piko, kinachopakwa mabibi harusi na kukauka kwa dakika chache kikiwa cheusi tititi, mara nyingi kina kemikali iitwayo PPD, ambayo ni ya rangi za nywele. Katika Umoja wa Ulaya inaruhusiwa kwenye rangi za nywele kwa kiwango kisichozidi asilimia 2, na hairuhusiwi kupakwa kwenye ngozi. Aliyeunguzwa na piko huweza kubaki na mzio wa maisha, ukamsumbua hata anapovaa nguo zenye rangi fulani za kiwandani. Vilevile tumesikia watu wakishauriana kutia mrututu katika rangi ili ikoze. Mrututu ni sumu, na maji yake hayafai kumwagwa mferejini wala bustanini.

Baada ya kuyasoma hayo tuliamua kujaribu wenyewe. Tulikata vipande vya marekani, tukavitia rangi kwa njia mbalimbali, tukavifunga kwenye nondo za dirisha linalopigwa na jua la asubuhi. Cha binzari kwa chumvi na siki kilikufa siku ya nne. Cha maganda ya vitunguu bila maandalizi yoyote kilififia wiki ya pili. Cha maganda ya vitunguu kilichotangulizwa tanini na shabu kilipungua kidogo tu. Cha ganda la komamanga na shabu, chenye rangi ya haradali, hakikubadilika kwa macho yetu, na kile tulichokimalizia kwa maji ya misumari yenye kutu kilikuwa cha kijivu siku ya kwanza na kikabaki cha kijivu.

Anayetaka kujaribu aanze na kilo moja ya kitambaa cha pamba. Akichemshe kwanza kwa sabuni na magadi kidogo kwa saa moja au mbili. Atashangaa jinsi maji yatakavyotoka machafu, maana marekani mpya ina wanga na nta. Asuuze vizuri. Achemshe robo kilo ya maganda makavu ya komamanga kwa saa moja, achuje, na kitambaa kilale humo usiku kucha. Asipopata komamanga, majani mekundu yaliyodondoka chini ya mkungu yanafaa. Asubuhi akikamue, akitie katika maji ya moto yaliyoyeyushwa gramu 150 za shabu, kilale tena. Kisha ndipo kiingie katika rangi: nusu kilo ya maganda makavu ya vitunguu, au maganda ya komamanga kwa mara nyingine. Moto uwe mdogo, kwa muda wa saa moja, kisha kipoe humo humo. Kianikwe kivulini.

Akitaka rangi ya kijivu, aloweke misumari yenye kutu katika siki kwa wiki mbili, atie kikombe kimoja cha maji yake kwenye beseni la maji, achovye kwa dakika chache tu. Chuma kikizidi hula pamba. Maji ya kisima yenye chuma pia huifubaza rangi, hivyo ya mvua ni bora. Na sufuria ya kazi hii isirudi jikoni kupikiwa chakula.

Tumeulizwa pia kuhusu magome ya mikoko, ambayo yana ukakasi mwingi na ambayo zamani yalisafirishwa nje kutoka pwani yetu kwa kutengenezea ngozi. Hatuyashauri. Mti uliobanduliwa gome hufa, kuikata mikoko bila kibali ni kosa, na samaki wadogo wanaojificha katika mizizi yake wana thamani kubwa kuliko kitambaa cha meza. Maganda ya komamanga na ya vitunguu hutupwa kila siku sokoni, na muuzaji hukushukuru ukimpunguzia taka.

Mama yule alirudi Jumatatu iliyopita. Tulimwonyesha vipande vya dirishani, akavishika kwa muda mrefu, hasa kile cha kijivu. Alihesabu kwa vidole: siku tano za kazi kwa kila kundi la vitambaa badala ya moja, kuni mara tatu zaidi, bei italazimika kupanda. Alikwisha zungumza na mwenye nyumba ya wageni, ambaye amekubali kusubiri fedha zake hadi mwisho wa mwezi ujao lakini hajasema kama atapokea vitambaa vingine. Wenzake wawili kati ya watano wamejitoa. Aliomba apewe kipande cha haradali na cha kijivu akavifue nyumbani kwake kwa sabuni ya mche, mara kumi, kabla hajamwambia mtu neno lolote. Tulivifungua kutoka kwenye nondo tukampa.